Mlinzi wa Lango Anataka Nini?

Kuna ugonjwa unaotupata sisi tunaoandika hadithi za fantasia: tukishabuni nchi, tunataka kila mtu aijue yote. Wafalme wake, vita vyake, miungu yake, mpaka jina la mto uliokauka kabla babu yake shujaa hajazaliwa. Katika riwaya ugonjwa huu unavumilika, kwani msomaji akichoka huruka kurasa, maisha yakaendelea. Lakini ipo aina moja ya uandishi ambayo ugonjwa huu huiua kabisa, nayo ni vijitabu vya mikasa ya michezo ya masimulizi.

Kwa asiyeijua, hebu nieleze. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, awe askari, mchawi au mwizi. Msimulizi anaeleza wanachokiona, wachezaji wanasema wanachofanya, dadu zinaamua wamefaulu au wameumia. Kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, Wisconsin, iliyouchapisha, baadaye ikauza pia vijitabu vya mikasa iliyokwisha andaliwa: ramani, mazimwi, hazina, na habari za mahali penyewe. Swali langu liko kwenye hizo habari. Ziwe kiasi gani?

Chukua The Keep on the Borderlands, kazi ya Gygax, kijitabu kilichowekwa ndani ya sanduku la wanaoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna ngome mpakani na mapango yaliyojaa mazimwi. Mkuu wa ngome hana jina. Mhunzi naye hana. Wametajwa kwa vyeo na kazi zao tu. Majina atawapa msimulizi. Tena kwenye ramani lipo eneo la mapango mengine ambalo Gygax hakuliandika kabisa, kaliacha msimulizi alijaze mwenyewe. Wapo watakaosema huo ni uvivu. Mimi nauona ni mwaliko.

Sasa geuka utazame Dragonlance iliyoanza mwaka 1984, mfululizo wa vijitabu zaidi ya kumi, uliokwenda sambamba na riwaya za Margaret Weis na Tracy Hickman. Nchi ya Krynn ina historia ndefu, na mashujaa wamekuja tayari na majina yao, mapenzi yao na ugomvi wao. Hadithi ni tamu, sikatai. Lakini humo msimulizi anashauriwa kwamba mtu anayehitajika mbele ya safari akiuawa mapema, ifanywe hila maiti isionekane, ili aweze kurudi. Fikiria, ndugu msomaji. Umepigana, dadu imekubali, adui kaanguka. Kumbe hadithi iliyoandikwa kabla hujakaa mezani ina nguvu kuliko upanga wako!

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Habari nyingi hazichoshi kwa sababu ya kurasa tu. Zinachosha kwa sababu zinamnyang'anya mtu mwingine kiti chake.

Niliwahi kucheza mkasa mmoja wa namna hiyo, jina lake nitaliweka kando. Mshikaji wetu aliyekuwa msimulizi akatusomea habari za ufalme wa miaka mia tisa: nani alimrithi nani, nani alimtilia nani sumu. Tukasikiliza kwa adabu, kama wanafunzi mbele ya mgeni rasmi. Tulipofika langoni, dada mmoja kati yetu akauliza swali dogo tu: "Huyu mlinzi anataka nini? Hela? Kulala? Au ana mtoto mgonjwa nyumbani?" Msimulizi akafunua mbele, akafunua nyuma. Kimya. Kitabu kinaijua sumu ya karne nne zilizopita, lakini hakiijui njaa ya mtu aliyesimama mbele yetu na mkuki.

Tangu siku ile kipimo changu ni kimoja. Habari iingie kijitabuni ikiwa mchezaji anaweza kuishika, kuiuliza, au kuitumia kuamua apite kulia au kushoto. Isiyoshikika ibaki kwa mwandishi.

Je, mambo ya kale hayana nafasi? Yanayo, tena kubwa. Ravenloft ya Tracy na Laura Hickman, ya mwaka 1983, ina kurasa 32 tu. Strahd, bwana wa ngome, ni mfu anyonyaye damu; zamani alimuua ndugu yake kwa kumtamani mchumba wake. Hayo ni ya kale, lakini sasa Strahd anamwona yule mwanamke katika sura ya msichana aliye hai kijijini, na wachezaji ndio watakaomlinda. Karata za bao ndizo zinazoamua upanga umefichwa wapi na Strahd mwenyewe anawinda nini safari hii. Kisa cha kale kimetoka kaburini, kimekuja kukaa mezani na watu.

Na anayependa historia kwa ajili ya historia, asinyimwe. Mwaka 1987 TSR walitoa Forgotten Realms, ulimwengu wa Mkanada Ed Greenwood, katika sanduku lake peke yake. Mwenye kiu alijua kisima kilipo.

Mimi nina kauntabuku yenye wafalme kumi na wawili wa kisiwa nilichokibuni. Katika mkasa ninaouandika sasa nimemwingiza mmoja tu, aliyekufa zamani, na hata yeye hasimuliwi. Kuna kisima ambacho wanakijiji hawachoti maji, na wazee ukiwauliza wanabadilisha mazungumzo. Ndani ya kisima ndiyo njia ya kuingilia chini ya ngome. Atakayetaka kujua kwa nini maji yale hayanyweki, na ateremke.

Wale kumi na mmoja waliobaki watangoja riwaya. Basi, vijana wenzangu, kabla hujapeleka mkasa wako kuchapwa, usihesabu wafalme. Nenda kwanza langoni ukamuulize mlinzi.