Novemba, Stockholm hadi Bergen

Treni ya chini ya ardhi ilijaa hadi mlangoni, na bado niliweza kusikia karatasi ya maua ikichakarika mikononi mwa mzee aliyesimama mbele yangu. Wengi walibeba mishumaa. Ilikuwa Jumamosi ya Watakatifu Wote, siku ambayo Waswidi huenda kuwawashia taa marehemu wao, nami nilikuwa mgeni, peke yangu, jijini Stockholm. Waliposhuka kituo cha Skogskyrkogården, nikashuka nao.

Ni makaburi yaliyo ndani ya msitu, kusini mwa jiji. Wasanifu Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz walishinda shindano la kuyasanifu mwaka 1915, wakafanya uamuzi ambao naona ulikuwa wa hekima kubwa: misonobari iachwe isimame, makaburi yapite katikati yake. Mawe mengi ni mafupi, wala hujui yupi alikuwa na mali. Asplund mwenyewe, aliyefariki 1940, amezikwa humo humo.

Ilipogonga saa kumi jioni giza lilikuwa limeanza kuingia. Mishumaa ilitapakaa chini ya miti hadi macho yanapokomea, na watu walipita taratibu, wazee kwa vijana, watoto wakiwa mabegani mwa baba zao. Kwetu Tanga makaburini kuna dua na kuitikiana. Pale nilisikia nyayo tu juu ya majani makavu.

Kuna sehemu ya kumbukumbu ya pamoja, ambako hata mwenye wafu walio mbali anaweza kuweka taa. Mama mmoja mtu mzima aliniona nimesimama mikono mitupu. Akatoa mshumaa kwenye mfuko wake, akanipa pamoja na kiberiti, akaniitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hakuniuliza natoka wapi wala nimefiwa na nani. Niliwasha, nikamwombea bibi yangu aliyelala Pongwe.

Kabla sijasafiri niliambiwa mara nyingi kwamba watu wa nchi hizi ni baridi. Siwezi kukubali. Kwetu ukarimu huanza kwa maswali: za nyumbani, za watoto, za safari. Jioni ile ulianza kwa kutoulizwa, na mtu anayetembea peke yake na majonzi yake kuna siku anahitaji heshima hiyo kuliko chakula.

Oslo sikukaa sana. Nilipanda paa la jumba la opera, lililofunguliwa 2008 na kujengwa likiteremka hadi majini ili yeyote atembee juu yake bila kiingilio. Kisha nikaingia ukumbi wa jiji, ambako Wangari Maathai alikabidhiwa Tuzo ya Amani ya Nobel Desemba 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mama huyu alipigwa mwaka 1999 akitetea msitu wa Karura, Nairobi. Nilikuwa nimetoka kwenye misonobari ya Stockholm, ambayo hakuna aliyelazimika kuvuja damu ili ibaki, na nilisimama pale nikiwa na uchungu na fahari kwa pamoja.

Reli ya kwenda Bergen ilianza kazi 1909. Finse, kituo cha mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, hakina barabara ya magari. Theluji ilikuwa imekwisha kukifunika, na behewa zima likageukia madirishani.

Bergen ilinipokea kwa mvua. Nilizunguka Bryggen, maghala ya mbao ya bandarini yaliyojengwa upya baada ya moto wa 1702, ambako wafanyabiashara wa Kijerumani walinunua samaki wakavu wa kaskazini kwa nafaka. Jioni, ndani ya basi, nikasikia Kiswahili nyuma yangu, cha Kongo, kwa sauti ya chini kama desturi ya pale. Nikageuka.

“Shikamooni, mama zangu.”

“Marahaba! Wewe ni wa Tanzania?” Yule mkubwa alinishika mkono. “Siye tulikaa Nyarugusu, kambini, miaka mingi. Uko huku na nani?”

“Peke yangu, mama.”

“Peke yako! Na wazazi wanajua? Umeshakula?”

Basi zima lilitutazama. Mwenzake alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kushuka.

“Simama twende, mwanangu. Kuna ugali na sombe.”