Bi Harusi, Pima Chumba Kabla ya Kitanda

Msimu wa harusi ukifika, Darajani tunapishana tukitafuta mashuka ya sita kwa sita, na kitanda chenyewe hakijapimwa kama kitaingia.

Vyumba vingi vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe vilifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ndiyo maana ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita 3 hivi, kama futi 10. Weka kitanda cha futi 6, ongeza kabati, pa kupita hapabaki. Cha tano kwa sita kinawatosha wawili.

Kisha tazameni kibla. Kwetu Unguja ni kaskazini, karibu sawasawa. Mke akisali jamaa na mumewe husimama nyuma yake, basi misala miwili inataka kama futi 8, kusini kwenda kaskazini. Ichoreni kwa chaki sakafuni kwanza, ndipo kitanda na kabati vipate pao. Chumba kikijaa, mume atasali sebuleni na mke ukingoni mwa kitanda, kila mtu peke yake. Kitanda hubadilishwa, mazoea ya mwaka wa kwanza huganda. Mwenyezi Mungu awajaalie nyumba zenye utulivu, amin.