Mizigo Minane ya Matugga

Askari anapopata amri ya safari, mambo mengi ya nyumbani huamuliwa kwa siku chache: watoto watakaa na nani, karo italipwa kwa njia gani, na mama mzazi aliyeko kijijini atapelekewa dawa na nani. Siku hizi limeongezeka jambo jingine ambalo askari wa zamani hawakulijua sana, nalo ni nyumba za kupangisha. Tangu majeshi ya Uganda yalipoanza kutumikia Somalia mwaka 2007, askari wengi wamerudi na akiba, wakanunua viwanja vidogo pembezoni mwa Kampala na kujenga vyumba vya kupangisha. Vyumba hivyo, vilivyopangwa mstari mmoja chini ya paa moja, watu huviita mizigo. Na mwenye kuvimiliki akiwa mbali hutambua upesi kwamba jina hilo halikukosewa.

Sajini mmoja wa jeshi na mkewe, ambaye ni koplo wa polisi, wanayo mizigo minane huko Matugga, kwenye barabara ya Bombo. Kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za safari ya kwanza ya Somalia, na kuta zikapandishwa kwa mkopo wa Wazalendo, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi. Mkopo huo hukatwa katika mshahara wa Sajini kila mwezi, wapangaji wakilipa au wasilipe. Kila chumba kilipangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa vyumba vinane ni shilingi 1,600,000, ikiwa vyote vimejaa na watu wote wamelipa. Kila mwenye nyumba anajua jinsi mwezi wa namna hiyo ulivyo adimu.

Mapema mwaka 2025 Sajini aliamriwa kwenda Singo kwa mafunzo ya matayarisho, na kutoka huko aelekee Somalia tena. Wiki tatu hazijatimia, mkewe naye akapokea barua ya uhamisho kwenda Gulu. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya kodi ya vyumba, akijua ni mpangaji gani hulipa kwa hiari na ni nani hujificha anaposikia sauti yake uani. Sasa nyumba zingebaki bila mwenyewe.

Fikira ya kwanza ya Sajini ilikuwa ndugu yake mdogo, mwendesha bodaboda anayeishi si mbali na hapo. Ni fikira ambayo kila mtu angekuwa nayo. Lakini jambo hilo lilikuwa na historia yake. Mwaka 2019, Sajini akiwa safarini na mkewe akiwa mafunzoni, ndugu huyo alikabidhiwa nyumba kwa miezi saba. Kwa haki, haiwezi kusemwa kwamba aliiba. Mjomba alilazwa hospitali, zikatoka fedha. Kukawa na msiba kijijini, zikatoka fedha. Pikipiki ikaharibika injini, akajikopesha kidogo kwa nia ya kurudisha. Kila shilingi ilikuwa na sababu yake, ila haikuwa na maandishi. Sajini aliporudi alikuta vyumba viwili vitupu, paa linavuja, choo kimejaa, na ndugu anayeeleza hesabu ya miezi saba kwa kichwa. Walinyamaziana karibu mwaka mzima, mpaka mama yao alipowakalisha mkeka mmoja siku ya Krismasi.

“Baba Watoto,” mkewe alimwambia usiku ule walipolizungumza, “fedha tunaweza kuzitafuta tena. Sitaki tumpoteze shemeji mara ya pili.”

Hivyo ndivyo walivyoanza kutafuta kampuni ya kusimamia nyumba. Wengi hudhani mtu hutafuta kampuni kwa sababu hawaamini jamaa zake. Hapa ilikuwa kinyume: jamaa alikuwa na thamani kubwa mno kuwekwa katikati ya kodi na mwenye nyumba.

Kampuni ya kwanza ilikuwa mjini Kampala, katika ofisi ya vioo yenye viti vya ngozi na maji baridi ya kunywa. Kijana aliyewapokea alivaa tai, akawaita Afande na Madamu, akataja ada ya asilimia 7 tu ya kodi. Sajini alivutiwa. Mkewe akauliza kama hiyo asilimia 7 ni ya kodi iliyokusanywa au ya kodi inayotarajiwa. Kijana akasita, kisha akasema ni ya inayotarajiwa, maana “kampuni hufanya kazi hata mpangaji asipolipa.” Isitoshe, kila mpangaji mpya angeiletea kampuni kodi ya mwezi mmoja mzima. Hapo ndipo msomaji atazame vizuri: kampuni ya namna hiyo hupata faida zaidi wapangaji wanapohama kuliko wanapokaa.

Koplo akauliza swali lake la pili: mpangaji asipolipa mnafanya nini? Kijana alitabasamu. “Madamu, hao tunawajulia. Tunatia kufuli. Akikaidi, tunang'oa mlango.”

Mwanamke huyu amekaa miaka mingi kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Amewapokea akina mama wenye godoro kichwani na mtoto mgongoni, waliokuta milango yao imeng'olewa wakitoka sokoni. Amewapokea pia wenye nyumba wanaodai kwamba nyumba ni yao na wana haki ya kufanya watakavyo. Anaijua Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Chini ya sheria hiyo, kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa, na mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kufuli hilo lingefungwa na kijana wa tai, lakini jina litakaloandikwa kituoni ni la mwenye nyumba, askari aliyeko Mogadishu. Kijana alipoomba mwishowe aachiwe hati halisi ya kiwanja “kwa ajili ya faili,” walinyanyuka na kuaga kwa adabu. Anayekukusanyia kodi hana kazi yoyote na hati halisi ya kiwanja chako.

Wa pili hakuwa kampuni hasa. Alikuwa dalali mwenye meza na mwavuli karibu na kituo cha teksi, mtu mcheshi, anayeijua kila nyumba ya Matugga na kila mbwa wake. Alitaka asilimia 5. Fedha zote zingeingia katika simu yake mwenyewe, naye angezituma. Sajini akauliza, na ukiugua? Dalali akacheka na kusema hajawahi kuugua. Huenda ni mwaminifu kuliko wote. Lakini kodi ya watu wanane ikiingia katika simu moja na fedha zake za chakula, baada ya miezi michache hata mwenyewe hatajua zipi ni zipi. Walikwisha kuiona hali hiyo mwaka 2019, kwa mtu waliyempenda.

Ya tatu waliipata kwa kuuliza. Mwenyekiti wa LC1 aliwaelekeza kwenye ofisi ndogo Kawempe, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zake nyembamba. Mwenye kampuni alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa hesabu. Hakuwapa maji baridi. Alitaka asilimia 10, na alipoombwa apunguze alikataa. Lakini asilimia hiyo ilikuwa ya fedha iliyokusanywa tu, asipokusanya, hali. Wapangaji hulipa benki, au kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, na akaunti ya fedha za wenye nyumba ni mbali na ile ya mishahara na umeme wa ofisi yake. Aliwaonyesha taarifa ya mwezi ya mwenye nyumba mwingine, majina yamefunikwa kwa karatasi: chumba, kodi iliyolipwa, tarehe, matengenezo, risiti, salio.

Swali la mpangaji asiyelipa alilijibu polepole. Siku ya tano humpigia simu, siku ya kumi huenda mlangoni, mwezi ukiisha humwandikia barua na nakala kwa LC1. Ikishindikana ni mahakamani. “Na hapo, Afande, ujue itachukua muda, na huenda miezi mingine usiipate kamwe. Anayekuahidi kwamba hutapoteza hata shilingi moja, muulize atafanya nini huyo mpangaji.”

Kisha akaja kuziona nyumba, akasema jambo lililomchukiza Sajini: vyumba viwili vya mwisho, vilivyo karibu na choo, havistahili shilingi 200,000. Sajini alijibu kwamba saruji ilikuwa bei moja kwa vyumba vyote. Mama yule akatoa kalamu. Ukishusha chumba hadi 180,000, utapoteza shilingi 240,000 kwa mwaka. Kikikaa kitupu miezi miwili kwa bei yako, umepoteza 400,000. Sajini aliitazama karatasi kwa muda, akaingia ndani kutafuta kofia yake. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kukubali.

Koplo hakutosheka na maneno ya ofisini. Siku moja, akiwa amevaa gauni la kawaida, alikwenda Kawanda kwenye nyumba zinazosimamiwa na kampuni hiyo, akamkuta mwanamke akifua, akamsaidia kukamua shuka na kumwuliza habari. Bomba likivunjika huja lini? “Huja kesho yake. Ila kwenye kodi hawachelewi hata saa moja.” Jibu hilo lilimridhisha kuliko barua zote za sifa.

Waliukalia mkataba jioni mbili. Matengenezo ya chini ya shilingi 100,000 kampuni hufanya na kuleta risiti. Zaidi ya hapo lazima mke aulizwe kwanza kwa simu. Kunyonya choo ni gharama ya mwenye nyumba, na tarehe ya kunyonya iandikwe, maana choo cha watu wa vyumba vinane hakisubiri mtu arudi kutoka Somalia. Mita za umeme za Yaka zisomwe mpangaji anapoingia na anapotoka. Amana ya kila mpangaji, ambayo ni kodi ya mwezi mmoja, ikae benki bila kuguswa, kwa kuwa ni mali ya mpangaji mpaka siku atakapohama. Kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi. Sheria huulazimisha pale thamani inapofika shilingi 500,000, lakini Koplo hakutaka hata chumba kimoja kiende kwa maneno matupu. Ifikapo tarehe 10, salio litumwe na taarifa ipelekwe kwa mume na mke, wote wawili. Upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa barua ya siku 60.

Kulikuwa na hesabu ya Serikali pia, ambayo wenye nyumba wengi hupenda kuisahau. Vyumba sita vya 200,000 na viwili vya 180,000 huleta shilingi 18,720,000 kwa mwaka. Kuanzia Julai 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya mapato yote ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000, bila kuondoa gharama. Kwao ni shilingi 1,908,000. Ada ya kampuni, nyumba zikijaa, ni 1,872,000. Sajini alipoziona namba hizo mbili zimesimama pamoja alitikisa kichwa, na kwa saa nzima akarudia wazo la ndugu yake. Mkewe hakubishana naye. Alikwenda kabatini, akatoa lile daftari la mwaka 2019 lililokuwa na kurasa mbili tu zilizoandikwa, akaliweka mezani, akaenda kuwalaza watoto.

Kabla ya kwenda Singo, Sajini alimwendea ndugu yake mwenyewe, asije akazisikia habari kwa wapangaji. Kijana alisikiliza akiwa amekaa juu ya pikipiki.

“Kwa hiyo, kaka, mimi siaminiki.”

Sajini alikawia kujibu. “Mdogo wangu, mwaka ule mimi ndiye niliyekuachia fedha bila kukuachia utaratibu. Kosa hilo sitalirudia.” Kijana hakusema neno. Akawasha pikipiki, akaondoka. Na Sajini alisafiri akiwa hajui kama wamepatana au wamekosana.

Taarifa ya mwezi wa kwanza ilifika Gulu tarehe 9. Vyumba saba vilikuwa vimelipwa, na kitasa kimoja kimebadilishwa kwa shilingi 35,000, risiti imeambatanishwa. Chumba cha nane, kile cha karibu na choo, kilikuwa bado kitupu. Katika taarifa ya mwezi wa pili chumba hicho kilikuwa na mtu: shilingi 180,000, amana imelipwa, mkataba umetiwa sahihi. Koplo alilisoma jina mara mbili, kisha akampigia mumewe.

Simu ya kutoka Mogadishu hukwaruza. Sajini aliuliza kama amesikia vizuri. Mkewe akalirudia jina la shemeji yake.

“Amelipa?”

“Amelipa. Tarehe 3.”

Kukawa kimya hata Koplo akadhani simu imekatika. Kisha Sajini akauliza kama paa la upande ule bado linavuja, maana mvua za Matugga zilikuwa zimekaribia.