Ukoka wa Georgia



Mjomba, juzi kwenye simu uliniuliza sauti imepatwa na nini. Ni mchanga. Jumatatu tulitoboa grini zote, na ule mchanga mkavu umenikaa kooni mpaka leo.

Grini ni kile kiwanja kidogo chenye bendera, pale mchezaji wa gofu anaposukuma mpira taratibu uingie shimoni. Nyasi zake tunazikata kila alfajiri zibaki milimita 3 hivi, kama ndevu zako usiponyoa juma zima. Na nyasi zenyewe, mjomba, ni ukoka! Jamaa yake yule aliyetuvunja migongo kwenye mihogo yako kule Muheza. Hapa wanauita Bermuda. Huu wa kwenye grini ni chotara: watafiti wa Tifton, kusini mwa jimbo hili la Georgia, waliukutanisha ukoka wa kawaida na ukoka mwembamba wa Afrika Kusini, na mwaka 1956 wakatoa aina ya Tifgreen. Mzee mmoja Mrundi tunayefanya naye kazi, aliyeishi miaka mingi kambini Kigoma, siku yake ya kwanza aliinama, akauchuna, akautazama, akaniuliza kwa Kiswahili: "Huu si ndio niliochapiwa na mama kwa kuuacha shambani?"

Basi huu ukoka hukanyagwa na watu na mashine mwaka mzima, udongo ukashikana kama sakafu. Chini ya majani hujengeka tabaka la mabua na mizizi iliyokufa, laini kama godoro, maji yanalala humo na mizizi inakosa hewa. Ndipo tunapoleta mashine yenye vijibomba vitupu ndani, vinavyoshuka na kupanda kama sindano ya cherehani, na kila kimoja kinang'oa kipande cha udongo mfano wa kizibo cha chupa. Kati ya tundu na tundu ni sentimita 5. Piga hesabu: matundu 400 kila mita ya mraba, na grini ya mita za mraba 500 inapata 200,000. Vizibo tunavizoa kwa koleo, tunamwaga mchanga, tunausugua kwa brashi mpaka uzame matunduni.

Wanachama wa klabu hununa. Kwa nini Julai, grini zikiwa zimependeza hivi? Ni kwa sababu hiyo hiyo. Ukoka ni mtoto wa jua. Joto likifika nyuzi 32 ndipo unapotambaa kwa kasi, na jeraha la leo baada ya majuma mawili au matatu hulioni. Ukiutoboa Oktoba unaelekea kulala, na matundu yatakukodolea macho mpaka masika ya huku.

Benti ni habari nyingine. Hiyo ni nyasi ya nchi za baridi, na kiangazi cha huku mizizi yake hufupika yenyewe. Klabu niliyoanzia kazi ilikuwa na benti. Mwaka ule kulikuwa na mashindano Septemba, wakubwa wakataka kutoboa kuishe mapema, tukaambiwa tuanze wiki ya kwanza ya Agosti. Msimamizi alipinga, hakusikilizwa. Siku ya tatu kila tundu lilikuwa na pete ya kahawia. Siku ya sita pete zikagusana. Tulisimama adhuhuri na mipira ya maji, tukirushia majani ukungu wa kuyapoza tu, maana maji mengi nayo yangeozesha mizizi. Kufika siku ya kumi grini ya 7 ilikuwa na kipara. Benti hungoja joto lipungue, au hutobolewa majira ya kuchipua. Katikati ya kiangazi inachomwa kwa vyuma vyembamba tu, ipumue, udongo usitolewe. Si klabu ile peke yake iliyoonja joto. Klabu ya East Lake, hapa hapa Atlanta, benti yao ilikuwa hoi kwenye mashindano makubwa ya 2007, na mwaka uliofuata wachezaji walikuta ukoka.

Jumatatu tulianza kabla ya saa kumi na mbili alfajiri. Mchana wingu likapanda upande wa magharibi, na mvua za radi za huku hazibishi hodi. Grini mbili zilikuwa zimeshamwagiwa mchanga, bado kusuguliwa. Mchanga ukilowa haushuki tena, unaganda juu kama uji. Mrundi akavua kofia, akashika brashi upande mmoja nami upande wa pili, tukakimbia nayo huku na huku kama wavuta jarife. Tone la kwanza lilinipata nikiwa pembeni mwa ile ya mwisho.

Leo asubuhi nimepiga goti kuitazama. Vikonyo vimeanza kuvuka matundu.

Nisalimie mkaza mjomba. Na ule ukoka wa kando ya kisima usiung'oe kwanza, nikija Desemba nataka kuukata milimita 3 nione.

Mpwa wako,
Clarkston, Georgia