Yalikovujia Mafuta

Katika umri wangu wote wa ufundi, ulioanzia kandokando ya Bandari ya Kale ya Mombasa na kumalizikia katika karakana ya pikipiki za theluji huko kaskazini ya jimbo la Minnesota, nchini Marekani, sikuona jambo lililogeuka maana yake kama kuvuja kwa mafuta. Kwani nilipoanza kazi, mvujo ulihesabiwa kuwa ni jasho la mashine, ukapanguswa kwa kitambaa na kusahauliwa, na nilipoiacha kazi, tone moja lilitosha kuifanya mashine iwekwe kando, ichunguzwe, na isirudishwe kwa mwenyewe mpaka chanzo cha tone lile kijulikane kwa yakini.

Mashine nilizofundishiwa zilikuwa zile za kutundikwa nyuma ya mashua, ambazo wavuvi walizipenda kwa kuwa hazingojei kusi wala kaskazi. Zilikuwa mashine za tu-stroki, zisizo na hodhi ya mafuta ndani yake. Mafuta ya kulainisha yalichanganywa na petroli katika debe, sehemu 1 kwa 50, au 1 kwa 25 katika mashine kuukuu, yakaingia pamoja na petroli, yakaipaka krenki na pistoni, kisha yakaungua na kutoka kwa moshi, ilhali sehemu yake ilitoka bila kuungua na kutanda juu ya maji ya bandari kwa rangi nyingi, wala hapakuwa na aliyeuliza. Mashine ya namna hiyo aghalabu huwa imelowa, na fundi asiye makini huzoea kuiona imelowa. Walakini maalim wangu, mzee mwenye subira kubwa, hakuzoea. Kila chombo kilipoletwa alifungua kwanza giaboksi ya chini, iliyo karibu na rafadha, akatazama mafuta yake. Yakiwa yamegeuka meupe, alijua kwamba sili imechoka na maji ya chumvi yameingia, na kwamba gia zitaliwa na kutu hata kama mashine yanguruma vizuri siku ile. Kisha alichukua tone, akalisugua baina ya vidole, akalinusa, akanipa nami nilinuse. “Mwanangu,” alikuwa akiniambia, “usiulize mafuta yametoka wapi kabla hujajua ni mafuta gani.” Katika elimu yote niliyoipata baadaye, sikukuta kauli iliyonifaa kuliko hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilihamia Minnesota, nikaajiriwa katika karakana ndogo isiyo mbali na mpaka wa Kanada. Ni nchi ambayo baridi yake hushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na ambayo pikipiki ya theluji, chombo chenye skii mbili mbele na ukanda mpana wa mpira unaozunguka chini yake, si anasa peke yake. Katika mji wa Roseau ndiko kampuni ya ndugu wawili, Edgar na Allan Hetteen, pamoja na mwenzao David Johnson, ilikounda mashine yake ya kwanza katika majira ya baridi ya 1955 na 1956, ikawa ndiyo asili ya pikipiki za Polaris. Baadaye Edgar Hetteen alihamia Thief River Falls akaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Arctic Cat. Kabla yao, katika mji wa Valcourt, Quebec, Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934 kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia ya kwendea hospitali. Akaendelea na majaribio yake ya vyombo vya kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 akatoa pikipiki ndogo iitwayo Ski-Doo. Nayataja haya ili msomaji wa pwani afahamu kwamba chombo hiki kilizaliwa na haja, na kwamba anayekitengeneza amechukua amana ya roho ya mtu atakayekuwa peke yake katikati ya ziwa lililoganda.

Pikipiki kuukuu nilizozikuta zilinikaribisha kama jamaa, kwa kuwa nyingi zilikuwa za tu-stroki na petroli yake ilichanganywa na mafuta vilevile kama kwetu. Katika hizo, mahali pa kutiliwa shaka palikuwa pachache: kasha la mnyororo, ambamo nguvu ya injini hushushwa hadi kwenye ukanda, na sili mbili za krenki, moja kila upande. Lakini mpya zilikuwa na tangi la mafuta la peke yake, na pampu iliyoyapeleka kwenye injini kwa mipira myembamba kwa kadiri ya mwendo. Mwenye chombo akapumzika na kazi ya kupima na kuchanganya. Fundi naye akaongezewa tangi, pampu, mipira na vibanio, na kila kiungo kikawa mlango wa mafuta kutokea. Fauka ya hayo, injini imefunikwa, na chini yake pana sakafu ya plastiki inayokusanya kila kidondokacho, theluji iliyoyeyuka, petroli na mafuta, vikachanganyika na kutokea tunduni mbali kabisa na asili yake. Mahali mafuta yanapoonekana si ushahidi wa mahali yalikotoka.

Msimu mmoja tuliletewa pikipiki ya mvuvi mtu mzima, ambaye huvuka ziwa liitwalo Lake of the Woods ili kuvua samaki kwa kutoboa barafu. Alikuwa ameambiwa kwingineko kwamba sili ya krenki imekufa na injini haina budi kushushwa na kupasuliwa, kazi ya gharama kubwa. Tulipoinua kifuniko tulikuta sakafu ya chini imejaa uchafu wenye mafuta. Nilichovya kidole, nikakuta mafuta mepesi ya buluu, ndiyo yale ya tangi, na pamoja nayo mengine meusi, mazito, yenye harufu kali ya mafuta ya gia. Ikawa dhahiri kwamba mivujo ni miwili. Tuliiosha injini yote kwa sabuni na maji ya moto, tukaikausha kwa upepo wa kompresa, tukanyunyiza poda nyeupe juu ya viungo vyote, tukatandika karatasi nyeupe chini, tukainua nyuma ya pikipiki juu ya stendi na kuiwasha. Baada ya muda poda ilitoa ushahidi: mstari wa buluu ulianzia kwenye mpira uingiao katika pampu, mpira uliokuwa umekauka kwa miaka ya baridi hata kibanio chake hakikuushika tena, na upepo wa injini uliyarusha mafuta nyuma mpaka yakafika upande wa krenki na kuisingizia sili, mstari mweusi nao ulitoka chini ya kifuniko cha kasha la mnyororo, kwenye gasketi.

Sili yenyewe hatukuiachilia kwa dhana. Tuliziba milango ya kuingilia hewa na ya kutokea moshi, tukapuliza hewa ndani kwa pampu ya mkono kiasi cha ratili 6 kwa kila inchi ya mraba, tukapaka maji ya sabuni na kutazama. Kipimo hakikushuka wala povu halikutokea. Jaribio hili nalisisitiza kwa vijana kwa sababu katika tu-stroki ubaya wa sili mbovu si mafuta yatokayo, bali hewa iingiayo. Hewa hiyo huipunguza nguvu ya mchanganyiko, injini hupata moto kupita kiasi, na pistoni hutoboka ghafula, pengine mtu akiwa mbali na kila nyumba. Na sili ikiwa imekufa kweli, haitoshi kutia mpya: lazima shafti isafishwe na kupimwa kwa ukucha, kwa maana ikiwa imechimbika alama, sili mpya nayo itavuja, lazima mdomo wake upakwe grisi, na iingizwe sawasawa pasipo kuinama.

Kwa yule mvuvi tulibadilisha mpira, vibanio na gasketi. Tulipomaliza tuliitoa hewa iliyobaki katika njia ya pampu, na kwa hadhari, maadamu hewa kidogo iliyosahauliwa huweza kuiua injini kwa ukavu, tulitia mafuta kidogo katika petroli ya safari ya kwanza kwa kipimo kile kile cha debe la Mombasa.

Zama zikageuka tena. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii zilienea pikipiki za foo-stroki, miongoni mwao RX-1 ya Yamaha ya msimu wa 2003, na Hifadhi ya Yellowstone ikaweka sharti kwamba pikipiki ziingiazo humo ziwe za moshi kidogo na kelele chache. Injini hizi haziunguzi mafuta yake bali huyazungusha na kuyatunza, kwa hiyo kinachovuja hakirudishiwi na kitu, na aliyepuuza mvujo huweza kupoteza injini nzima. Vijana wakaja na rangi ya kutiwa katika mafuta na taa ya urujuanimno inayoifanya rangi hiyo ing’ae palipo na ufa. Niliipokea taa ile kwa furaha, nikaitumia, na nikaona kwamba nayo hudanganya pale mashine isipooshwa kwanza.

Lililonigusa zaidi ni kwamba watu wa kule wamejifunza kulichukia tone lenyewe. Theluji ikiyeyuka, kila kilichodondokea juu yake hushuka maziwani, na wavuvi wale wale wapandao pikipiki ndio wanaokula samaki wa maziwa hayo. Huona si haki kuacha katika maji ya watoto wao kile ambacho mkono wa fundi ungeweza kukizuia, nami natamani fikra hiyo ikae pia katika bandari zetu, ambako mashine za boti zaongezeka kila mwaka na mafuta yangali yakitanda juu ya maji bila kuulizwa.

Basi kwa anayeianza kazi hii, pwani au theluji, wasia wangu ni huu: yajue mafuta, osha kabla ya kutazama, anzia juu na mbele, wala usibadilishe kifaa kwa dhana, na ukishakiziba chanzo, tafuta sababu iliyokifanya kivuje, maana fundi aliyezuia tone bila kuijua sababu yake ameiahirisha kazi, hakuimaliza.