Alikuwa na Hela ya Kiwanja, Akanunua Peugeot 504

Kuna jamaa mmoja wa Sakina, Arusha. Fundi simu, miaka 36, ana mke na mtoto mmoja. Mwanzoni mwa 2024 yeye na mkewe walikuwa wamejichanga mpaka wakafikisha milioni 9 na laki 2. Hela ya kiwanja. Walishaenda Muriet mara mbili kuangalia, namba ya dalali walishaisevu, na mke alishaanza kuchora jiko likae upande gani.

Halafu siku moja jamaa akaenda Maji ya Chai kumpelekea mteja simu yake, akaona gari chini ya mparachichi.

Lilikuwa Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Matairi yote manne hayana upepo, vioo vimeota ukungu wa kijani, na kwenye safu ya tatu kuku amelalia mayai. Mtu mwingine angepiga picha, angeweka status, angecheka, basi. Yeye alisimama pale kama dakika 20, mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuuliza kama kuna shida.

“Shikamoo, mama. Hii Pijo inauzwa?”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo? Hiyo si gari tena, hilo ni banda la kuku.”

Ili umwelewe huyu chalii, lazima umjue mzee wake. Baba yake aliendesha gari kama hilo, Arusha kwenda Namanga na kurudi, tangu mwishoni mwa miaka ya 80 hadi 2002. Abiria, magunia, vifaranga, maiti mara moja moja. Januari 2002 gari likauzwa. Wiki hiyohiyo kijana akaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, ada imelipwa yote. Nyumbani hakuna aliyesema kitu, lakini mtoto alipiga hesabu mwenyewe: gari limeondoka, ada imelipwa. Toka siku ile akawa anatembea na sentensi moja kichwani: mzee aliuza gari lake kwa ajili yangu. Alipofeli kidato cha sita, sentensi ikawa nzito zaidi.

Kwa waliozaliwa juzi, tuelewane kwanza. Kabla ya Noah, kabla ya IST, barabara za Afrika Mashariki zilikuwa na Pijo. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Kaka yake mkubwa, 404, alishachukua Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Zile za 1966 na 1967 zilichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, enzi ambazo mashindano yalikuwa yanapita nchi zote tatu. 504 nayo ikachukua 1975 na 1978. Yaani gari lililokuwa linabeba nyanya za bibi yako ni ukoo mmoja na lililokuwa linashinda matope ya Safari.

Na hiyo stesheni wagoni ilitengenezwa kwa kazi. Ni ndefu kuliko 504 ya kawaida, na nyuma ina springi nne, mbili kila upande, ndiyo maana ilikuwa inajazwa mpaka matako yanagusa lami na bado inaenda. Nyingi gia zake ziko kwenye usukani, kwa hiyo mbele walikuwa wanakaa watu wawili pembeni ya dereva bila mtu kubanwa na mti wa gia.

Sasa rudi Sakina. Jioni ile jamaa akamwambia mkewe. Mke ni mhasibu wa SACCOS, kila siku anaona watu wanavyozama kwa vitu vidogo. Akamsikiliza mpaka mwisho.

“Baba Junior, na kiwanja?”

“Nitagusa kidogo tu, mama Junior.”

“Kidogo ina namba. Sema namba.”

Wakakubaliana milioni 4, isizidi hata shilingi. Kila senti iandikwe kwenye daftari, na daftari likae kwa mama Junior. Kisha akauliza swali moja ambalo jamaa alilipita haraka: “Mzee mwenyewe umemuuliza kama anaitaka?” Jamaa akajibu kwamba ni sapraizi.

Gari likauzwa kwa milioni 2 na nusu. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kadi ilikuwa na jina la marehemu mume wa yule mama, na mirathi haikuwahi kufunguliwa. Huwezi kuhamisha umiliki kutoka kwa mtu aliyekufa hivihivi tu. Ikabidi ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe, cheti cha kifo kitafutwe, mama aende Mahakama ya Mwanzo ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi, ndipo waende TRA. Miezi mitatu na laki 2 na elfu 10, nauli na makaratasi. Wakati huo kuku aliendelea kutaga.

Kuvuta gari kutoka Maji ya Chai mpaka gereji moja ya Unga Limited, laki na elfu 80. Fundi ni mzee wa Kichaga, nywele nyeupe, ameanzia ufundi kwenye Pijo. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama juani. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

“Limechemka hili, kijana. Maji yameingia kwenye oili. Halikufa kwa uzee, limeuawa.”

Akamweleza taratibu. Injini ya 504 ina bloku ya chuma lakini silinda hedi yake ni ya alumini. Ukiiacha ichemke ukaendelea kukanyaga, hedi inapinda, gasketi inaungua, maji na oili vinakutana. Habari njema ni kwamba slivu zake, zile nyumba za pistoni, zinachomoka. Huna haja ya kutoboa bloku upya. Unatoa za zamani, unaweka mpya, maisha yanaendelea. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa wanaweza kuifufua hata porini.

Spea Arusha hakuna. Jamaa akapanda basi hadi Nairobi, akashuka Kirinyaga Road na karatasi ya fundi mkononi. Kenya walikuwa wanaunganisha 504 mpaka 2004, miaka 20 na zaidi baada ya Wafaransa kuacha kutengeneza saluni yao, kwa hiyo ukiwa na subira unapata. Slivu, pistoni, gasketi, pampu ya maji: milioni 1 na laki 1 na nusu.

Mama Junior akajumlisha. Milioni 4 na elfu 40. Bodi bado haijaguswa.

“Umezidisha elfu 40,” akasema. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akafunga daftari, akaliweka kabatini.

Kuanzia hapo jamaa alikuwa peke yake. Akauza pikipiki yake. Akawa anatengeneza simu mpaka saa 6 usiku. Kukawa na wiki nzima ambayo watu wawili wanaolala kitanda kimoja walikuwa wanaongea kuhusu mtoto tu. Oktoba 2024, Arusha ilipojaa tamasha la Land Rover, mamia ya magari yanapita mjini na watu wanashangilia barabarani, yeye alikuwa Unga Limited chini ya Pijo lililowekwa juu ya mawe, anakwangua kutu. Vijana wa gereji wakamtania: “Bro, ungenunua Land Rover leo ungekuwa kwenye TV.” Akacheka, lakini usiku hakulala vizuri.

Kunyoosha bodi, rangi, mipira ya milango, viti, nyaya za umeme: milioni 2 na laki 6 na elfu 70 nyingine. Jumla kuu, milioni 6 na laki 7 na elfu 10. Hela ya IST ingekuwa karibu.

Februari 2025 gari likawaka. Nyeupe, safi, linanguruma kwa upole. Jumapili ya kwanza akaenda kumchukua mzee Ngaramtoni. Mzee ana presha ya macho, anaona vivuli tu. Akashikwa mkono mpaka mlangoni, akapapasa kitasa, akanyamaza. Akaingia.

Wakaenda njia ileile. Oldonyo Sambu, Meru imebaki kulia na wingu lake, kisha barabara ikashuka kwenye ukavu wa kuelekea Longido. Mzee kimya. Jamaa moyo unamdunda, anasubiri ile sentensi aliyoingoja miaka 23. Walipogeuza na kuanza kupanda mlima kurudi, mzee akasema, “Simama hapa. Pembeni.”

Akasimama.

“Hapa breki zilinikataa mwaka 96. Nina watu 11 ndani. Sikuwahi kumwambia mama yako.” Akavuta pumzi. “Unajua nilikuwa naendeshaje? Dumu la maji miguuni, macho kwenye geji ya joto, nasali. Kila siku. Gari si langu peke yangu, nusu ni la tajiri, likiharibika ni mimi. Siku nilipoliuza, mwanangu, nililala kama mtoto mchanga.”

Jamaa akahisi masikio yanapiga mluzi. “Lakini baba, uliliuza kwa ajili ya ada yangu.”

“Ada ilikuwa sababu ya kumwambia mama yako.”

Malori yakapita mawili. Hakuna aliyeongea. Kisha mzee akanyoosha mkono, akapapasa usukani kutoka upande wa abiria mpaka akaushika mti wa gia, akautikisa kidogo. “Ila gia zake zilikuwa tamu,” akasema. “Hilo siwezi kudanganya.”

Jamaa alirudi nyumbani akamsimulia mkewe neno kwa neno. Mama Junior alijitahidi kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Jamaa naye akajikuta anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wanacheka pamoja tangu Oktoba. Halafu mama Junior akafungua kabati, akatoa daftari, akasema, “Haya. Mzee hakudai. Sasa hili gari ni la nani?”

Hilo ndilo swali alilolikwepa mwaka mzima. Miaka yote hiyo alikuwa analipa deni ambalo mwenye deni hana habari nalo, na alikuwa analipa kwa hela ya watu wawili. Wangapi mjini hapa wanafanya hivyohivyo? Mtu anasomea kozi asiyoitaka, anajenga kijijini nyumba asiyokaa mtu, anavumilia ndoa, kwa sababu ya stori aliyojitungia kuhusu mzazi, na mzazi yupo hai, simu anapokea.

Wiki mbili baadaye akaja mtu wa utalii na milioni 8 na nusu mkononi. Ukitoa gharama zote, faida ingekuwepo, na kiwanja kingepatikana kesho yake. Jamaa akaomba wiki ya kufikiria. Siku ya sita akamwambia mkewe ukweli, bila kumtaja mzee: “Nalitaka. Mimi. Nikiwa chini yake nikishika spana, akili inatulia. Hakuna sababu nyingine.”

Mama Junior akasema hiyo angeisikia mwanzoni, wangeelewana haraka zaidi. Kisha akaweka masharti. Gari likodishwe kwa send-off na harusi, laki na nusu kila safari, hadi lirudishe ile milioni 4 na elfu 40 yote. Elfu 40 hazikusamehewa. Lisiporudisha ndani ya miaka miwili, linauzwa, na hakuna kununa.

Mpaka sasa limebeba maharusi mara 11. Kwenye daftari zimebaki milioni 2, laki 3 na elfu 90. Mzee anapandishwa mara mojamoja, lakini ana sharti lake: lisipite ule mlima.

Wewe ungekuwa mama Junior, ungemwachia gari, au ungechukua milioni 8 na nusu siku ileile?