Karatasi ya Maabara

Mwezi wa Shaabani miguu ya mama yetu ilivimba, na daktari akaagiza damu yake ipimwe yuria, kreatinini na albumini. Sisi wanawe tulielezwa kwamba ini hutengeneza yuria mwili unapovunja protini, na kreatinini hutoka kwenye misuli; zote ni taka zenye naitrojeni, na kazi ya figo ni kuzichuja. Yuria yaweza kupanda kwa upungufu wa maji tu, ndipo ikasomwa pamoja na mwenziwe. Albumini si taka: ni protini inayoyazuia maji yasivuje kutoka mishipani. Ya mama ilikuwa imeshuka, na mkojoni ikaonekana. Zile taka mbili zilikuwa zimepanda. Figo hazina desturi ya kulalamika mapema. Kwa hiyo mwenye sukari au presha na apimwe kabla ya kuumwa.

Daktari alimkataza kufunga. Mama, aliyekuwa akifunga Ramadhani tangu utotoni, hakutaka kulisikia neno fidia. Tuliketi naye jioni nzima tukimsomea tarakimu moja moja. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kibaba cha mchele siku hizi ni kiasi gani?"